Afadhali Ingekuwa Mwanamke

Kinyozi hakuwa mtu wa kufunga duka mchana, ukiacha Jumanne. Kwa hiyo Fundi, aliyekuwa amelala chali chini ya gari la mteja, alipoona viatu vyeupe vya Kinyozi vikikanyaga oili ya gereji yake, na nyuma yavyo viatu vikubwa kupita kiasi vya Mrefu, alijua hapo hakuna salamu. Akajifanya anakaza kitu.

"Toka huko chini," Kinyozi akasema. "Tuna maneno."

"Subirini nimalize."

"Unamaliza nini? Spana yako hii hapa, nimeikanyaga."

Akatoka. Angefanyaje? Hawa walikuwa watu wake tangu darasa la kwanza, enzi za kukata penseli moja vipande vitatu. Kinyozi na mdomo wake usiojua likizo, na Mrefu, dereva wa basi la shule, mtu wa maneno machache ambaye akikutazama sana unaanza kukiri hata usilolifanya. Kinyozi alifuta tairi bovu kwa kitambaa, akalikalia, akasema bila kuzunguka mbuyu:

"Shemeji amenipigia simu. Jioni hii anakwenda kwao, yeye na pacha. Sanduku liko mlangoni. Huyo mwanamke ni nani?"

Sanduku. Fundi alikuwa ameliona asubuhi, tena aliliruka. Kichwa chake siku hizo kilikuwa kimejaa hivi kwamba angekuta ng'ombe amelala mlangoni, naye angemruka tu aendelee na safari.

"Mwanamke gani?"

"Ndivyo wanavyosema wote. Kila alfajiri unatoka, ukiulizwa unasema kuna gari la mtu limekwama. Magari gani hayo yanayokwama alfajiri tu, kama vile yameambiana? Mke wako si mjinga, bwana."

Mrefu akakohoa. "Mimi leo nimekuona kwa macho yangu. Kwenye kioo. Uko kwenye pikipiki, nyuma ya basi langu, tangu kituo cha kwanza mpaka shuleni. Nikasema, kumbe anaishi upande huu."

"Nani?"

"Huyo wako."

Sasa hapa nisikilizeni, maana wanaume tuna ujinga wetu ambao hata shule haiutoi. Mtu aliyesingiziwa hukana. Mtu aliyesingiziwa huapa kwa kaburi la babu yake. Fundi alifungua mdomo akane, akaona ukweli wenyewe umekaa pale ulimini ukisubiri, akauogopa, akasema:

"Sawa. Nina mwanamke."

Kinyozi, aliyekuwa amejiandaa kwa ubishi mrefu, alibaki ameishikilia hoja yake bila pa kuiweka. "Anaitwa nani?"

Fundi akatazama ukutani. Palikuwa na mikanda ya injini, chujio za oili na kalenda ya mwaka juzi. "Ni... anauza vipuri."

"Nimekuuliza jina, hukuulizwa kazi."

"Mambo ya mahaba mtayamaliza nyinyi," Mrefu akaingilia. "Mimi basi langu liko nje hapo, linataka boliti. Gurudumu la mbele, moja imekatika kabisa. Nimegundua nilipowashusha watoto. Nadhani kuna wahuni wanachezea magari pale tunapolaza, na yule mlinzi kazi yake ni kukoroma. Nataka mwenye basi amwachishe kazi leo leo."

Fundi akahisi jasho limemtoka mgongoni. Alimfahamu yule mlinzi. Alikuwa mzee wa watu, na kweli alikoroma, lakini hakuna mhuni aliyewahi kugusa kitu pale.

"Usimguse mlinzi," akasema. "Nimeikata mimi."

Basi akaendelea, maana neno likishatoka la kwanza, mengine husukumana mlangoni.

Alisema ilianza siku alipobadilisha matairi ya lile basi. Kazi safi, kazi yake ya kila siku. Mrefu alipokuwa akiondoka, katoto kamoja ka kike kalichungulia dirishani kakampungia mkono kakasema, asante fundi. Basi. Ni hilo tu. Lakini usiku alipolala wazo likaja: je, nati zile nilizikaza zote? Akajijibu, nimezikaza. Wazo likasema, una hakika? Akajiona akizikaza, moja baada ya nyingine, halafu picha ikageuka, akaona gurudumu linachomoka, na ule mkono mdogo dirishani. Alfajiri akaamka akaenda akazikaza. Akapata nafuu mpaka saa ya chai. Kesho yake wazo likarudi likasema: je, ulipozikaza jana hukuziharibu?

"Nimekuwa nikienda kila siku," akasema. "Leo moja imenikatikia mkononi. Sikuthubutu kukwambia. Ningekwambiaje? Ndiyo nikachukua pikipiki nikakufuata. Zilizobaki zinatosha, nilijua zinatosha kwa mwendo wako ule wa kobe. Mimi ni fundi, Mrefu. Kujua najua. Tatizo si kujua."

Mrefu alisimama. Akisimama Mrefu, gereji hupungua. "Umekata boliti ya basi la watoto," akasema polepole, "kwa kuogopa isilegee."

"Ndiyo."

"Na hukunipigia."

"Ndiyo. Nitukane tu."

Mrefu alifungua mdomo amtukane, ilionekana kabisa tusi limeshafika kwenye meno, halafu akaketi tena. "Siku nyingine unipigie," akasema. "Hata ukikosa la kusema, piga tu."

Kinyozi alikuwa amenyamaza muda wote huo, jambo ambalo peke yake lilitosha kumwogopesha mtu. Sasa akauliza: "Kama ni nati, kwa nini umekubali una mwanamke?"

"Kwa sababu afadhali ingekuwa mwanamke. Mwanamke anaeleweka. Mke atalia, atakwenda kwao, wazee watakaa, nitaomba radhi, watanitoza, nitamrudisha. Lakini akisikia mumewe ana wazimu? Nani humrudishia watoto mtu mwenye wazimu?" Akaokota spana, akaanza kuifuta kwa nguvu ilhali ilikuwa safi.

"Mnajua mimi Jumanne huwa nakwenda wapi?" Kinyozi akauliza.

"Kwenye meno," wakajibu wote wawili. Nani asiyejua? Kila Jumanne Kinyozi alifunga duka akaenda kutibiwa meno. Walikuwa wamemhurumia vya kutosha. Mke wa Mrefu alikuwa na desturi ya kumchemshia nyama yake mpaka inasahau ilikuwa nyama.

"Meno yangu mazima. Naweza kufungua soda."

Wakamtazama.

"Nakwenda hospitali, wodi ile ya nyuma, kwa mama mmoja mwenye miwani. Nakaa kwenye kiti nazungumza. Mwaka jana nilikuwa nashika wembe, nauweka kwenye shingo ya mteja, wazo linakuja: na ukimkata? Si kwamba nataka. Sitaki. Ndiyo maana linanitisha. Nikawa natetemeka, naweka wembe chini, nasema wembe umekuwa butu. Nimetupa nyembe mpya mpaka muuzaji akaniuliza kama nazila."

Mkono wa Mrefu ulikuwa umepanda wenyewe hadi shingoni. "Jumamosi umeninyoa," akasema.

"Nimekunyoa vizuri."

"Wazo lilikuja?"

"Lilikuja. Likanikuta nina kazi, likakaa benchi kama mteja mwingine, likachoka, likaondoka. Toa mkono shingoni, unanivunjia heshima."

Aliyeanza kucheka ni Mrefu. Halafu Kinyozi. Fundi alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka mpaka akashika gari la watu asianguke, na katikati ya kile kicheko akagundua kwamba analia, na kwamba hakuna aliyegeuza uso. Kwa mara ya kwanza tangu yule mtoto ampungie mkono, alivuta pumzi ikafika chini.

"Kwa hiyo si wazimu?" akauliza.

"Yule mama anasema wazo ni wazo, si tendo. Kila mtu yanampitia ya ajabu. Sisi wengine tunayafungulia mlango tunayaandalia kiti. Anasema hofu ukiilisha leo, kesho inakuja na njaa kubwa zaidi. Wewe umeilisha nati za watu kila alfajiri, itakuachaje?" Kinyozi akapangusa macho. "Na anasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapana, hilo nimesema mimi. Lakini hata yeye angelisema. Jumanne twende wote."

"Twende," Fundi akasema, akashangaa jinsi neno lilivyotoka jepesi.

Wakaingiza basi. Fundi akang'oa boliti mbovu, akapiga mpya, na kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli, akazikagua na zile nyingine kama inavyotakiwa, mara moja. Akakaza nati zote. Alipofika ya mwisho, mkono wake ulirudi wenyewe kwenye ya kwanza. Kinyozi akautazama ule mkono. Mrefu ndiye aliyenyoosha kiganja, na Fundi akampa spana, vidole vikiachia kimoja kimoja.

"Ukifika salama unipigie," Fundi akamwambia.

"Akikupigia leo utataka na kesho," Kinyozi akasema. "Usimpigie, Mrefu."

Lilikuwa jambo gumu, msidhani. Basi liliondoka kwenda kuchukua watoto wa mchana, na Fundi alibaki getini, huku Kinyozi amemshika mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Walisimama hivyo mpaka sauti ya injini ikaisha. Halafu Kinyozi akasema, "Sasa nenda nyumbani. Na huko siendi nawe."

Mama Pacha alikuwa ameketi juu ya lile sanduku, amevaa nguo za safari. Pacha walikuwa chumbani wakigombania soksi. Fundi hakuingia ndani. Alisimama pale kizingitini, akasema yote, kuanzia mkono wa yule mtoto mpaka boliti, na hata ule uongo wa muuza vipuri hakuuruka. Mara mbili alikwama, na mara zote mbili mkewe alisubiri.

Alipomaliza, mkewe akataka kuhakikisha.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke," akasema.

"Hakuna."

"Ni nati."

"Ni nati, mama watoto."

"Unajua mimi nilivyokuwa?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Kila ukitoka nabaki macho. Najiuliza, ni mwili wangu? Ni maneno yangu? Nimejitazama kwenye kioo mpaka nikamchukia niliyemwona. Ulikuwa unakwenda kulia peke yako huko, na mimi nalia peke yangu hapa, na kitanda ni kimoja."

Fundi hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja, yeye aliyefikiria kila kitu. Akapiga magoti sakafuni, akaegemeza kichwa mapajani mwake, na mkewe, baada ya kusita kidogo, akaweka mkono juu yake.

"Litarudi hilo wazo?" akamuuliza.

"Kinyozi anasema litarudi. Pengine kesho hiyo hiyo."

"Haya. Likikuamsha, na mimi niamshe."

"Tutafanya nini?"

"Mimi najua? Tutakaa," akasema, akawaita pacha waje wavue nguo za safari.