Mkwe Juu ya Mutuba

Bwanika mkata miti alipotokea na msumeno wake wa mashine begani, mimi nilikuwa tayari juu ya mutuba wa mama mkwe wangu, nimekumbatia tawi, kanzu nimeikunja hadi magotini. Umri wangu miaka hamsini na moja. Msinicheke, maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Mutuba ule ndio pekee uliobaki kwenye kilima chetu wa aina inayotoa gome jekundu. Mingine tunayo, ya gome jeusi, ya gome gumu, ya kuwekea uzio, lakini nguo yake ukiivaa utadhani umevaa gunia la kahawa. Nami kazi yangu, kama ya baba na babu, ni kuponda magome mpaka yawe nguo. Sasa mama mkwe alikuwa ameuuza mti kwa wachoma matofali. Ukianguka, na mimi nimekwisha.

Kumwendea nimbembeleze sikuweza. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani machoni, hawasogeleani. Nimemwoa binti yake Nansikombi miaka kumi na tisa, na mama yake namjua zaidi kwa kisogo.

"Ssebo, bwana wangu, shuka," Bwanika akaniita. "Mti umeshauzwa."

"Kata tu. Ila mazishi yangu utayasimamia wewe."

"Mzee mzima, huoni haya?"

Mama mkwe akatoka ndani. Aliponiona akavuta mtandio usoni, akajificha nyuma ya ukuta wa jiko. Nansikombi akasimama katikati. Kila neno lilipaswa kupita kwake, ingawa sote tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa.

"Muulize mumeo, huko juu anatafuta mayai?"

"Mama anauliza unatafuta nini," mke wangu akasema.

"Mwambie mama mti huu hauna wa pili."

"Mwambie miti ninayo! Mfenesi ninao nyuma ya choo, miforosadi ninayo, wajukuu wamebaki na midomo ya zambarau. Yote ina utomvu mweupe, yote ukoo mmoja. Nikose ndugu mmoja, nitakufa?"

"Mwambie mfenesi hauvaliki!"

Bwanika alicheka mpaka akaweka msumeno chini.

"Basi muulize," sauti ya nyuma ya jiko ikapoa, "mwaka juzi alipouvua mti wangu gome, aliuacha uchi siku ngapi?"

Nansikombi hakulileta swali hilo.

Ukishavua gome, unapaka shina samadi na kulifunga majani ya mgomba kabla jua halijalipata, ndipo gome jipya linaota. Hata mtoto wa kwetu anajua. Lakini siku ile nilikuwa na haraka ya arusi ng'ambo ya kilima, nikasema nitaufunga nikirudi. Nilirudi siku ya tatu, pombe ya ndizi bado kichwani, shina limebabuka. Gome lililoota lilikuwa na makovu na matobo. Nilijua. Sikudhani na yeye anajua.

"Siku mbili," nikasema.

"Mwambie kwamba marehemu baba yako ndiye aliyeupanda, mwaka nilioolewa. Aliniambia, nguo yako ya kuzikiwa itatoka hapa. Sasa mimi nizikwe nimevaa chujio?"

Hapo hata Bwanika hakucheka. Niliona aibu, nikatamani tawi likatike.

"Mwambie nimekosa. Gome bovu likivuliwa kwa uangalifu, linaloota baada yake huwa laini kuliko la kwanza. Anipe mwaka mmoja. Nitaufunga kwa mikono yangu mwenyewe, jua lisiuone."

Mke wangu akafungua kinywa aupeleke ujumbe. Hakuwahi.

"Shuka wewe mwanaume," mama mkwe akasema, moja kwa moja kwangu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe. "Utanivunjia matawi."

Bwanika aliondoka na mikungu miwili ya matoke kama fidia ya usumbufu, na wachoma matofali wakarudishiwa fedha zao. Mvua zilikuwa zimeanza, na ndipo gome huvulika, hivyo siku hiyohiyo nilivua lile gome bovu, nikapaka samadi, nikafunga majani tabaka tatu. Mama mkwe akatuma neno nikate matawi sita nikayapande kwangu. "Mwambie anayevua miti ya wenzake, na yeye awe nayo." Matano yameshika.

Mwaka uliofuata mutuba ulinipa gome lisilo na tobo hata moja. Nililiponda kwa nyundo ya mbao siku nne, nikalianika, likakolea wekundu. Nikiwa naponda niliwaza kwamba mwanamke huyu sijawahi kumpa mkono wala sitampa, lakini kitu cha mwisho kitakachomkumbatia duniani kitakuwa kazi ya mkono wangu. Nililia kidogo, kisha nikaendelea kuponda.

Nansikombi akaipeleka nguo. Akarudi mikono mitupu.

"Kasemaje?"

"Kaivaa. Anaenda nayo arusini Jumamosi. Anasema kwa ile ya kuzikiwa uvue gome lingine mwakani, na usiwe na haraka."