Reli ya Kando ya Kitanda

Kichwa cha treni ya kuchezea kilikuwa na urefu wa kiganja. Marehemu baba alikitandikia reli kuzunguka chumba chote cha kulala, na tangu azikwe, mama alikiwasha kila jioni. Kililia kama mlango mbovu, kikaenda kwa kushtukashtuka, kisha kikasimama kando ya mto wa mama. Palepale, kila siku.

"Mzee anasimama kunijulia hali," alisema mama. Kwa hiyo hakukubali ng'o kuihama nyumba hiyo, ingawa ukuta ulikuwa umepasuka hadi mkono ukapita, na mwashi alishamwonya kwamba mvua moja tu itaumaliza.

Binti yake, fundi wa cherehani, alikuja mchana na kopo la mafuta. Alifungua kichwa, akachomoa nywele zilizojiviringisha kwenye ekseli ya magurudumu. Mvi fupi, za baba. Gia zilikuwa zimekauka kau. Akazimiminia mafuta kama anavyozimiminia cherehani, na hapo ndipo alipokosea, maana yalichuruzika hadi kwenye magurudumu. Treni ikateleza, ikajikokota, ikasimama kwa mama. Mama akacheka kidogo, akasema huyo mzee hata alipokuwa hai hakulainishika.

Binti akafuta yote kwa pamba na spiriti, akaanza upya kwa ncha ya sindano, tone moja kwa kila gia. Kilio kikakoma. Treni ikatembea vizuri, lakini kufika kitandani, ikasimama tena.

Binti akapiga magoti, akapitisha kidole juu ya reli. Ilinata. Akanusa. Ilikuwa dawa ya kuchua, ile anayopaka mama magotini. Kumbe kila jioni mama aliipapasa reli hiyo akimsubiri mumewe, na utando wa dawa ya vidoleni mwake ndio uliozuia umeme kupita kutoka relini hadi kwenye treni.

Angemwambiaje? Akailowesha pamba kwa spiriti. Kisha akafuta.

Treni ikaja kimya, ikampita mama bila kusita. Mama akaifuata kwa macho mzunguko wa pili, na wa tatu.

"Umemwambia nini baba yako?"

"Nimemwambia unahamia kwangu, mama."

Mama akainama kutafuta viatu chini ya kitanda. Nyuma yao treni ilizidi kuzunguka bila sauti, na binti hakuthubutu kugeuka kuizima.