Dawa ya Pinki

Kwetu huku kaskazini mwa Minnesota, ukitaka kujua nani anaondoka na nani anabaki kipindi cha baridi, huna haja ya kumuuliza mtu. Nenda duka la vifaa mwisho wa Oktoba, usimame karibu na kaunta. Wanaokwenda Texas hawanunui kitu. Wao hupuliza kwa kompresa maji yote yatoke mabombani mwa karavani, ile nyumba ya kukokotwa, wakaifunga nyuma ya gari, wakapotea. Wanaobaki hununua dawa ya pinki, ile inayomiminwa mabombani ili baridi isije ikayapasua. Kwa hiyo siku niliyopandisha madumu ya dawa hiyo juu ya kaunta, mama wa duka aliyatazama, kisha akanitazama mimi, mtu nisiye na karavani.

"Ya Orrin, eeh?" akauliza.

Nikamwambia ni ya Orrin.

"Haya," akasema, akanirudishia chenji. Watu wa kwetu ndivyo tulivyo, hatusemi. Siku ile nilitamani angalau angenitukana.

Orrin Tveit ni kaka yangu mkubwa. Tangu astaafu, yeye na mkewe Marlys huondoka siku ya pili baada ya karamu ya samaki waliolowekwa magadi kanisani. Wanakaa kule Texas mpaka theluji ya huku iyeyuke, na mimi nabaki kukwangua theluji juu ya paa lao na kupokea picha za Orrin akiwa amevaa kaptula. Mwaka huu moyo wake umechoka. Daktari alisema unasukuma damu kivivu, ndiyo maana miguu inajaa maji, na mgonjwa kama huyu asilale mbali na hospitali hata usiku mmoja. Orrin alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa adabu zote, akarudi nyumbani akaanza kupakia karavani.

Marlys alinipigia simu siku moja baada ya chakula cha mchana. Alikuwa ananong'ona.

"Verlyn, amelala. Lete hiyo dawa sasa hivi."

"Akiamka je, shemeji?"

"Akiamka atakuta kazi imekwisha. Na usije na kompresa yako, ile inapiga kelele kama trekta. Halafu ukimpulizia upepo tu, kesho atajaza maji aondoke. Namjua mume wangu. Nataka pinki kila mahali, mpaka kwenye friji, kuiosha kote humo kutamchosha. Kwenye ile mashine yake ya barafu."

Alipoitaja mashine ya barafu nilijua hatanii. Karavani ya Orrin ina friji kubwa kama la nyumbani, linalotoa maji na barafu mlangoni. Alipolinunua alituita ukoo mzima, tukasimama humo ndani tumebanana, tukangoja barafu ya kwanza idondoke. Ilipodondoka akatuangalia mmoja mmoja kuona nani hajavutiwa. Mimi sikuvutiwa, na hajanisamehe.

Niseme ukweli wangu pia. Nilikuwa upande wa Marlys, na si kwa ajili ya daktari. Nilitaka kaka yangu abaki. Baridi ya huku ni ndefu kwa mtu anayekula peke yake, na mimi nimekula peke yangu miaka mingi.

Nikaikuta karavani imepakiwa tayari kando ya banda. Kaptula zimekunjwa kwenye droo, karata zipo mezani, na makopo ya kahawa yamejaa kabati, kwa sababu Orrin anaamini Texas nzima hakuna ajuaye kuchemsha kahawa. Sikutaka kuviangalia. Nilifungua koki za chini, maji yakamwagika kwenye changarawe. Nikatumbukiza mrija wa pampu kwenye dumu, nikafungua bomba moja moja, jikoni, bafuni, chooni, kila moja mpaka litoe pinki. Kazi hii nimewafanyia majirani wengi, na kwa kawaida huwa naimba. Siku ile sikuimba.

Friji nililiacha mwisho. Nilipofungua, nikakuta kisanduku cha barafu kimejaa hadi juu. Alikuwa amejiwekea ya safari. Nilikitoa, nikasimama mlangoni, nikaimwaga yote chini.

Hapo ndipo nilipokosea. Barafu ikidondoka kwenye changarawe ina kelele, na Orrin anaijua sauti ya barafu yake.

Alitoka nyumbani amevaa koti juu ya nguo za kulalia, na buti zisizofungwa kamba, maana miguu ilivyovimba kamba hazifiki. Akaja polepole mpaka pale. Akaigusa barafu kwa ncha ya buti.

"Unamwaga barafu yangu, dogo."

Nina miaka sitini na moja, na bado ni dogo.

"Nimetumwa na mkeo."

"Najua. Wewe tangu lini ukaamua kitu mwenyewe?"

Marlys naye akatoka mbio, taulo la jikoni begani.

"Usimseme Verlyn. Nimemwita mimi."

"Umengoja nilale."

"Ukiwa macho, unanisikiliza?"

"Marlys, nimebakiwa na kipindi kimoja cha baridi. Pengine hata hicho sina. Sitaki kukimaliza hapa nimevaa soksi juu ya soksi, huku wewe unaamka kila saa kuangalia kama napumua."

"Na mimi sitaki kuvuka Kansas nina maiti kwenye kiti cha pembeni."

"Kansas ni tambarare. Hutapata shida kuendesha."

Nilitaka kucheka, ikawa karibu nilie. Marlys hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtupia lile taulo kifuani, akarudi ndani. Angeubamiza mlango ingekuwa nafuu. Aliufunga taratibu.

Taulo lilianguka miguuni pa Orrin. Aliliangalia kwa muda. Kuinama siku hizi hawezi, akiinama anaona giza, kwa hiyo nililiokota mimi, nikalitundika kwenye komeo la karavani.

"Chujio umelitoa?" akauliza.

"Bado."

"Dawa ikipita kwenye chujio la maji ya friji, chujio limekwisha. Hivi baba alikufundisha nini?"

"Alinifundisha nikae mbali na wewe ukiwa umeshika spana."

Akatabasamu kidogo, na nikamwona alivyokonda usoni. Uso ulikonda na miguu ikanenepa, mtu amegawanywa vibaya. Nikaona siwezi. Chochote nilichokuwa nakitaka mimi, kula na mtu Jumapili, kucheza naye karata, nikaona si sababu ya kumnyang'anya safari yake.

"Sikiliza, kaka," nikamwambia kwa sauti ya chini, jicho langu likiwa kwenye dirisha la jikoni. "Friji halijaingiwa na dawa bado. Naweza kuishia hapa. Ule mrija wa barafu naupuliza kwa mdomo, nafungua kifuniko cha nyuma, nachuruzisha matone yaliyobaki, nafunga, naenda zangu. Marlys atadhani nimemaliza. Hayo mabomba mengine kuyasafisha unajua mwenyewe. Kesho fanya unavyotaka."

Alikuwa anaiangalia karavani tangu mbele mpaka nyuma.

"Ngoja niingie nione ulichofanya," akasema.

Ngazi ya karavani ile ni fupi, mtoto anayetambaa anaipanda. Orrin aliweka mguu mmoja juu ya kipandio cha kwanza, akashika mpini wa mlangoni, akajivuta. Mwili haukuja. Akapumzika, akajivuta tena. Nilisikia pumzi yake, ilikuwa na maji ndani. Mkono ulikuwa umeshika mpini mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na mguu wa pili ulikuwa bado chini kwenye changarawe. Mimi niligeuka, nikaanza kupekua sanduku la vifaa kutafuta bisibisi, na bisibisi nilikuwa nimeishika mkononi. Nilipekua kwa muda mrefu. Nilipogeuka, mguu ulikuwa umerudi chini, na Orrin ameketi juu ya ndoo niliyoipindua, anaangalia shamba la jirani lililokwisha vunwa.

"Dogo."

"Naam."

"Tia dawa."

"Una hakika?"

"Tia kabla sijaanza kukubembeleza uniinue."

Basi nikatia. Yeye alikaa juu ya ndoo nje, mimi nikiwa ndani, na aliniongoza hatua kwa hatua kama hajaniamini hata kidogo. Toa chujio, weka kile kizibo chake. Washa umeme, friji lisilo na umeme halifungui njia ya maji. Shusha mkono wa mashine. Bonyeza kile kitufe cha kujaribia, kiko chini, usitumie nguvu. Halafu subiri. Ukisikia kama mtu anakoroma ndani ya ukuta, ndiyo inaingia.

Nikasubiri. Ukuta ukakoroma.

"Rangi gani?" akauliza kutoka nje.

"Kama juisi iliyozidishwa maji."

"Hiyo bado. Maji yapo. Itaganda Alhamisi baridi kali ikija, vali ya maji inapasuka, halafu utalaumu kiwanda. Bonyeza tena."

Nikabonyeza tena, nikasubiri tena. Baridi ilikuwa inaingia kupitia mlango uliokuwa wazi, lakini sikuufunga, ningeufunga tusingesikilizana.

"Sasa?"

"Pinki kabisa."

"Na pale mlangoni mwa friji, pa kukingia maji. Weka glasi, minya mpaka itoke ileile."

Nikaminya. Yakatoka maji, ikatoka hewa, ikakohoa, ikatoka pinki. Nikaimwaga ile glasi kwenye sinki. Kwenye kazi hii, hapo ndipo mtu husema haya, imekwisha. Mimi nikashuka tu, na Orrin hakuomba kuona.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Marlys alikuwa amevaa koti lake la safari, lile la bluu, na mkononi ana mfuko wa dawa za Orrin, ule anaoufunga wakienda mbali. Macho yalikuwa mekundu. Alitembea moja kwa moja hadi mbele ya mumewe.

"Itoeni hiyo dawa," akasema. "Tunaondoka kesho asubuhi. Nitaendesha mimi. Ukinifia njiani, utanifia njiani, nitajua la kufanya."

Sikuwahi kumwona kaka yangu akikitaka kitu namna ile. Midomo ilifunguka. Nilidhani atasema ndiyo, na Mungu anisamehe, nilimwomba kimoyomoyo aseme. Aliugeuza uso kidogo akaitazama ile ngazi, kisha akamtazama tena mkewe.

"Imeshafika kwenye mashine ya barafu," akasema.

"Si itolewe?"

"Haitoki, Marlys. Ikiwa mabombani tu, sawa. Ikishafika kwenye barafu ndiyo basi, mpaka theluji iyeyuke. Muulize Verlyn."

Marlys akanigeukia. Ameishi na karavani ile miaka mingi kuliko mimi. Anajua, kama ninavyojua na kama anavyojua Orrin, kwamba ni kazi ya nusu saa ya mpira wa maji, na barafu kidogo ya mwanzo ya kutupa, basi. Mpira wenyewe ulikuwa umetundikwa ukutani kwa banda, karibu yangu, ningenyoosha mkono ningeushika.

"Ni kweli, shemeji," nikasema. "Ikishafika kwenye barafu, ndiyo basi."

Alinitazama mpaka nikashindwa, nikainamisha kichwa. Halafu akauhamisha mfuko wa dawa mkono wa pili, akampa Orrin bega, akamsaidia kusimama. Orrin hakutaka kushikwa mbele yangu, akasema aachwe. Basi Marlys akatangulia. Akaufungua mlango wa nyumba, akaushikilia ukiwa wazi kabisa, ingawa joto lote lilikuwa linatoka nje, mpaka Orrin alipomaliza kuuvuka ua.