Vidonge vya Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu ana kifafa. Namwita mke mwenzangu, kwa kuwa marehemu babu yake alimpenda kunishinda, na sijawasamehe wote wawili. Ni fundi cherehani. Muuguzi wa kliniki alituambia: vidonge kila siku, hata ukijiona mzima. Akameza, na kifafa kikamsahau.

Kisha akapata mchumba. Mama wa mchumba akatuma salamu kwamba anakuja kukaa nasi siku chache, amwone mkwewe. Mama huyo ana duka la dawa.

"Bibi, akiviona tu atajua," mke mwenzangu akaniambia. "Na vinanisinzisha. Atasema mwanawe anaoa gogo."

"Sema ni vyangu. Nimekula chumvi nyingi, ugonjwa wowote unanikaa kama gauni."

"Atakuuliza unaumwa nini."

"Uzee."

Alicheka, lakini kumeza akaacha. Nilimsihi. Nikamnunia. Nikamtishia kufa.

"Wewe bibi kila mwezi unakufa," akasema.

Mgeni akaja, akampenda. Siku ya kuondoka, mke mwenzangu alikuwa anampima gauni, utepe mkononi, akasimama ghafla kama aliyeitwa na mtu wa mbali. Akaanguka. Nikasogeza mkasi, nikamlaza ubavu, nikamwekea kitambaa chini ya kichwa kama tulivyofundishwa. Huku nikitunga uongo: ni njaa, ni joto.

"Usijisumbue, mama," mgeni akasema taratibu. "Dawa za ugonjwa huu nauza mwenyewe."

Akapiga magoti, akamfuta povu kwa leso yake. Hakumtukana mtu, na hapo ndipo paliponiuma. Alipoona amezinduka, akachukua mkoba wake.

"Mnisamehe. Mwanangu ni mmoja."

Mchumba hakuja tena, wala hakupiga simu.

Sasa kifafa kimerudi na hasira zake zote. Cherehani imefunikwa shuka. Muuguzi alikuja hadi nyumbani, akambembeleza, akatoka macho mekundu. Kila asubuhi namwekea kidonge kiganjani.

"Meza, mke mwenzangu. Ukitangulia, nani atanililia kwa kelele? Hawa wengine watalia kidogo kidogo, kama wanaogopa kuamsha mtoto."

Zamani angecheka. Leo alikifumba kidonge ngumini.

"Nilimeza miaka yote niwe kama wenzangu, bibi. Sasa nimeze niwe nani?"

Mimi mdomo wangu mtaa mzima unaujua. Lakini nikabaki nimeshika bilauri ya maji, yeye amekunja ngumi, na kidonge kinalowa jasho humo ndani mpaka kikawa uji.