Mstari wa Saba kwenye Orodha ya Mylene

Crisanto alikuwa amebakiwa na siku mbili. Keshokutwa ingetimia arobaini tangu homa ya dengue imchukue bintiye Mylene, na siku hiyo roho yake ingeiaga nyumba moja kwa moja. Crisanto alitaka kompyuta ya mtoto iwake kabla hajaondoka.

Pesa zilikuwepo. Mylene alizichanga miaka miwili kwa kuuza lumpia za kukaanga mlangoni, na rambirambi za majirani zikajazia palipopungua. Orodha ya vifaa nayo ilikuwepo, imebandikwa kwenye friji. Mistari saba kwa wino wa buluu wa Mylene, kila kifaa na bei yake. Mstari wa saba, kadi ya picha, ulikuwa umekatwa kwa wino mweusi.

Wino mweusi ulikuwa wa Crisanto. Alipoona bei ya kadi ile karibu inafika nusu ya vingine vyote kwa pamoja, alichukua kalamu akaikata hapohapo mezani. Alikuwa amesikia kwa vijana wa gereji kwamba kadi hizo ni za michezo ya kupigana. Mylene alimweleza kwamba chuoni wanachora katuni zinazotembea, na kazi hiyo ni nzito.

"Baba, bila hiyo hakuna kitu," alisema.

"Bila hiyo hakuna michezo," Crisanto alimjibu.

Mtoto alicheka kidogo, akairudisha karatasi kwenye friji. Wiki mbili baadaye akapata homa.

Basi Crisanto akaenda Gilmore, mtaa wenye maduka ya kompyuta yaliyobanana kama meno. Alizunguka maduka matatu akiuliza bei, maana ndivyo kila mtu afanyavyo pale, akaishia kwa mama mmoja mnene aitwaye Bing, aliyekuwa akila wali juu ya kaunta. Bing aliifuta mikono, akaisoma orodha polepole.

"Baba, hii kaiandika mtu anayejua kubana," alisema. "Hakuna senti iliyokaa ovyo. Ya mwanao?"

"Binti yangu."

"Mwambie aje nimpe kazi. Hawa wangu wanajua kula tu."

Crisanto alisema atamwambia.

Bing aliuliza kama kadi ya picha anayo nyumbani, kwa kuwa mstari wake umekatwa. Crisanto alijibu ipo. Angesema haipo, angeulizwa kwa nini, na kutoka hapo wangefika kwa Mylene, naye hakutaka kumlilia mwanawe mbele ya sahani ya wali wa mtu.

Bing aliviunganisha vifaa kwa nusu saa. Alipachika kadi ya dukani ili kujaribu, akawasha, na kioo kikajaa maandishi meupe. Crisanto aliyatazama bila kuyaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi kifua kimelegea. Kisha Bing akaichomoa kadi yake. Akasema hiyo ya nyumbani ataichomeka mwenyewe, ni rahisi. Crisanto akaitikia kwa kichwa. Picha ameshaiona, hiyo kadi ya michezo ya nini tena?

Nyumbani aliiweka kwenye meza ya Mylene, akabonyeza. Feni zikazunguka. Taa nyekundu ikawaka ndani ya kasha. Kioo kikabaki cheusi.

Alikagua nyaya zote moja baada ya nyingine. Yeye ni mchomeleaji wa vyuma, anajua kutafuta mahali umeme unapokatikia. Hapakuwa na mahali. Mkewe, Perlita, alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni.

"Si ulisema umeiona inawaka?"

"Niliiona."

Kesho yake asubuhi aliipakata kompyuta hadi Gilmore. Bing alifungua ubavu wa kasha, akachungulia mara moja tu.

"Kadi iko wapi?"

"Sina."

"Jana ulisema ipo."

"Nilidanganya."

Bing alishusha pumzi, akamweleza kama mtu anayemweleza baba yake. Zipo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, zinazotoa picha zenyewe na zipo zisizotoa. Hii haitoi, ndiyo sababu bei yake iko chini. Aliyeichagua alibana hapa makusudi, ili kilichobaki kiingie kwenye kadi. Akaweka kidole kwenye mstari wa saba.

"Sasa ni mjinga gani alikuja akaukata huu?"

"Mimi," Crisanto alisema. "Aliniambia bila hiyo hakuna kitu. Mwenyewe tulimzika mwezi uliopita."

Bing aliondoa kidole kwenye karatasi. Akamsukumia kiti. Kisha, kwa kuwa hakujua kusema kingine, alisema la biashara: ambadilishie prosesa, ampe dhaifu kidogo inayotoa picha yenyewe. Hatamdai kitu. Kioo kingewaka leo hii.

"Itachora zile katuni?"

Bing alifikiri. "Itajikokota."

Crisanto alikaa pale huku wateja wakimpita. Alipochomelea magrili ya madirisha ya watu, hakuwahi kuweka chuma chembamba mahali palipotaka kinene, hata mteja akilalamika bei. Kwa mwanawe ndiko alikobana.

"Hapana," alisema. "Nikibadilisha, haitakuwa yake. Niambie tu bei ya kadi ni ngapi leo."

Bing akamwambia. Crisanto hakuwa na pesa hizo. Zilizobaki zilikuwa za chakula cha arobaini, na Perlita alikuwa ameshaagiza nguruwe.

Siku ya arobaini waliiwasha hivyohivyo, pembeni ya picha ya Mylene na mishumaa. Watu walisali, wakala tambi za pansit na nyama. Shemeji yake alikisogelea kioo akauliza kama kompyuta imeharibika.

"Nzima," Crisanto alimjibu. "Ni mimi niliyekata kitu."

Jua lilipokuwa linashuka, wageni waliondoka mmojammoja na vyakula vyao vilivyofungwa. Feni zilikuwa bado zinavuma. Perlita alinyoosha mkono azime, kisha akaurudisha.

Crisanto aliitoa orodha kwenye friji. Chini ya mstari uliokatwa aliuandika upya, herufi kwa herufi, akiiga mwandiko wa mtoto. Mbele yake akaandika bei ya sasa.

Ilikuwa imeshuka.