Madaftari Safi ya Mwalimu Yotamu

Mwaka 1956 nilifanya kosa nililolionea fahari miezi mitano mizima.

Baba yangu, Mwalimu Yotamu, alifundisha miaka thelathini, kwanza Iringa, kisha huku kwetu Rungwe. Kila jioni baada ya kazi aliwahoji wazee na kuandika waliyosema: nani alifyeka shamba gani kwanza, nani alimwoa nani, njaa ipi iliua akina nani. Alijaza madaftari tisa. Alipopofuka macho, akaniachia mimi, bintiye Sekela, niyatunze. Nikayaweka darini juu ya meko, pamoja na mbegu za mahindi, ili moshi uyakinge na wadudu.

Mwaka huo akaja mtafiti mmoja, mama wa Kizungu, akamwomba baba maandishi yake yakahifadhiwe katika chuo kikuu cha kwao Ulaya. Baba alikubali kabla mgeni hajamaliza kusema. Tukaahidi kuyatuma kwa posta. Siku ile alicheka mpaka akakohoa, na tangu apofuke sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Nilipoyateremsha niliona haya. Yalikuwa meusi kwa masizi, yananuka, mengine yana madoa ya mafuta. Kwetu mgeni hapewi maziwa katika chombo kichafu, sembuse chuo kikuu kizima. Nikaenda Mbeya mjini, dukani kwa Harilal, nikanunua madaftari mapya na wino. Miezi miwili nilinakili kila neno, kwa mwandiko ulionipatia zawadi shuleni. Baba sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba kazi yake inanuka? Nikatuma mapya pamoja na barua yangu. Ya zamani niliwashia moto masika yale, kuni zilipokuwa mbichi.

Jibu lilipofika, baba alikaa sawasawa kitini, mikono magotini.

"Soma, mwanangu."

Nilisoma kimyakimya kwanza. Mwandiko wako ni mzuri, waliandika, lakini tunahitaji yale aliyoandika mwalimu kwa mkono wake mwenyewe, hata kama yamechakaa. Tafadhali yatume.

"Wanasema yamefika, Tata. Wanashukuru sana."

"Basi na mama yako amefika."

"Mama?"

"Nyuma ya lile daftari la tatu. Mwaka tuliooana nilimfundisha kuandika. Akaandika jina lake, Atuganile, herufi zimelala huku na huku. Akacheka, akasema hiyo inatosha. Hakushika kalamu tena maisha yake. Uliliona?"

Nililiona. Nilidhani ni mchezo wa mtoto, nikauruka ukurasa.

"Nililiona, Tata."

"Sasa nimetulia," alisema.

Mama alifariki nikiwa na miaka miwili, na picha yake hatukuwa nayo. Nilitoka nikalia nyuma ya nyumba, nikajitukana matusi yote niliyoyajua. Baba aliishi miaka miwili zaidi. Kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa kwamba maandishi ya mkewe yametunzwa Ulaya, kisha baba alinigeukia nithibitishe. Nami niliitikia, nikaendelea kumimina chai.