Ua la Zambarau Bwawani kwa Mzee

"Mwanangu, bwawa langu limetoa ua," mzee alisema kwenye simu. "Zambarau, zuri ajabu. Njoo ulione."

Mama Magugu aliweka kikombe chini polepole. Ndivyo wenye mashamba walivyomwita tangu idara ilipompa kazi ya kuwasaidia kuondoa gugumaji kwenye mabwawa na vinamasi vyao. Mzee huyu alimfungia geti miaka mitatu mizima, akidai wataalamu huja na dawa, huondoka, na samaki hubaki wakielea. Mwezi uliopita tu ndipo alipokubali bwawa likaguliwe. Majirani zake wanne, waliokuwa wakimtazama yeye, wakatia saini fomu za ruhusa siku hiyohiyo. Bwawa lilikuwa safi, halikuwa na jani hata moja la gugumaji.

Njiani alirudia ratiba yake kichwani. Siku ile ya ukaguzi alikuwa ametokea shamba la juu, ambako gugu limetanda maji yote kama zulia. Kanuni aliwafundisha wenzake yeye mwenyewe: buti na reki huoshwa na kukaushwa kabla ya kuingia maji ya mtu mwingine. Lakini shule ilikuwa imempigia, binti yake ana homa, aende akamchukue. Akasugua buti harakaharaka. Na reki je? Alijaribu kukumbuka. Brashi aliiona, ndoo aliiona. Reki hakuiona.

Getini alishuka, akajaza ndoo, akaanza kusugua buti zilizokuwa safi tayari.

"Makubwa! Unaoga kabla ya kuingia matopeni?" mzee alicheka. "Nyie wasomi mna mambo."

"Ndiyo kazi, baba."

"Basi fanya hima, ua lisije likazeeka."

Lilikuwa kando ya gogo, palepale alipozamisha reki kupima kina. Majani ya mviringo, mashina yamevimba kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Alihesabu miche kumi na mmoja.

"Limefunguka lini?"

"Jana asubuhi. Marehemu mke wangu angekuwepo, lingekuwa ndani ya chupa, mezani." Mzee aliinama kulitazama. "Limeletwa na ndege, au siyo?"

Jibu lilikuwa limeshaandaliwa, lilibaki kuitikiwa tu. Akisema ukweli, geti litafungwa, majirani wanne watachana fomu zao, na gugu litafuata mkondo likiwapitia wote. Ila mzee akiamini ni ndege, atatazama juu. Hatatazama nyavu wala reki za wanaoingia bwawani kwake.

"Si ndege, baba. Ni mimi. Nilitoka shamba la juu, sikuosha reki. Hili ndilo gugumaji lenyewe."

Mzee alinyooka.

"Miaka mitatu nawafungia."

"Ndiyo."

"Nikakufungulia wewe."

"Ndiyo, baba."

"Na baya lenyewe ndilo zuri hivi?"

"Ndilo."

Mzee alikunja suruali hadi magotini. "Sasa unangoja nini? Ingia. Aliyepanda ndiye atakayeng'oa."

Waliinyanyua kwa mikono, mche mmojammoja, wakishika kutoka chini ili mizizi isikatike, wakaitia guniani. Mama Magugu alijirudia moyoni kwamba mbegu hazikomai kwa siku moja. Alipofika kwenye matete, akaona mwingine, wa kumi na mbili, mdogo kama kidole gumba, ukielea peke yake. Kama huu ulifika huku, mingine imefika wapi?

Walizunguka bwawa mara mbili. Hawakupata mwingine, na hilo halikumtuliza.

Gunia waliliacha juu, penye jua kali, mbali na maji. Mama Magugu alipookota reki aliyokuja nayo, mzee aliishika mpini.

"Hii inabaki hapa. Ya bwawa langu ni ya bwawa langu."

"Na majirani?"

"Nitawaambia kila mmoja anunue yake. Nitawaambia na sababu." Walipofika getini, akalifungua. "Wewe utakuja kila Jumatatu mpaka nichoke kukuona."

Mama Magugu alijaza ndoo, akaanza kusugua buti. Mzee alisimama juu yake, mikono nyuma, akimwonyesha kwa kidole cha mguu.

"Kisigino hicho. Bado. Rudia."

Akarudia.